Wenye Nyumba Hawajafika Miaka Kumi na Nane

Mwezi wa kumi mwaka 2022, mama mmoja wa Chamazi alikuja ofisini kwetu Temeke, Dar es Salaam, na bahasha ya kaki iliyochanika pembe. Akatoa vilivyomo kimoja kimoja na kuvipanga mezani: cheti cha ndoa, hati ya mauziano ya nyumba yenye mhuri wa serikali ya mtaa, vyeti viwili vya kuzaliwa, kadi moja ya kliniki, simu ndogo ya marehemu mumewe, na daftari la makochi lenye majina ya wateja waliokuwa hawajamaliza kulipa.

“Naomba uniambie,” akasema, “hii nyumba ni ya nani?”

Nilimjibu baada ya wiki mbili, nilipokwisha kuliona jalada la mirathi. Mimi ni msaidizi wa kisheria na kazi hii naifanya kila siku, lakini jibu lile liliniuma nilipoliandika kwa tarakimu. Zaidi ya theluthi mbili ya nyumba, na ya kila kitu alichoacha mumewe, ilikuwa mali ya watu wanne ambao hakuna hata mmoja aliyetimiza miaka 18. Wenye mali walikuwa shuleni. Mmoja hata shule alikuwa hajaanza.

Mama huyu ameniruhusu nikisimulie kisa chake, majina tu niyaache. Nakieleza kwa kirefu kwa sababu wazazi wengi wanaokuja kuuliza habari za wosia huanza na swali la nani apate nini. Kwa familia yenye watoto wadogo, swali hilo mara nyingi limeshajibiwa na sheria. Linalobaki wazi ni nani ashike mpaka wakue, na hilo mzazi asipolisema mwenyewe, litasemwa na watu wengine katika siku ambazo nyumba imejaa msiba.

Marehemu alikuwa fundi samani Keko. Alifariki katikati ya Machi 2022 akiwa na miaka 43, siku tisa tu tangu alazwe. Aliacha mjane, mama yake mzazi, na watoto wanne. Watatu ni wa mjane huyu: mvulana wa miaka 13, msichana wa miaka 9 na msichana wa miaka 4. Mkubwa wao wote, mvulana wa miaka 17, ni wa mke wa kwanza aliyeachika zamani, na anaishi na mama yake Tanga.

Mali yenyewe ilikuwa ya mtu aliyejijenga kwa mikono yake. Nyumba ya Chamazi ina vyumba vya familia, na uani vyumba viwili vya kupangisha, kila kimoja shilingi 60,000 kwa mwezi. Kulikuwa na mashine za karakana, na akaunti ya benki yenye shilingi 6,340,000. Kulikuwa na kiwanja Mkuranga ambacho hati yake ya mauziano iliandikwa kwa jina la kaka yake, kwa kuwa siku ya kuandikishana marehemu alikuwa na oda ya kupeleka makochi, akamtuma kaka akamwekee saini. Kiwanja alikilipia yeye. Karatasi zilisema vingine.

Wosia hakuandika. Wala hakuwa mzembe. Nimelipitia daftari lake ukurasa kwa ukurasa: mbao za mninga, sponji, misumari, gundi, nani kalipa nusu, nani kaahidi mwisho wa mwezi. Mtu aliyeandika kila mita ya kitambaa cha kochi hakuwahi kuandika nani awashikie wanawe mali yao. Nina hakika alidhani muda upo.

Saini iliyowekwa kwenye goti

Mjane wa Kiislamu hukaa eda miezi minne na siku kumi. Mama huyu aliikaa yote, chumbani kwake Chamazi. Kikao cha ukoo kilifanyika barazani baada ya arobaini. Yeye hakutoka. Muhtasari uliletwa chumbani na wifi yake, akaambiwa asaini hapa na hapa, akaweka karatasi juu ya goti akasaini. Anachokumbuka ni kwamba kalamu ilitoboa karatasi. Aliyepewa jukumu la kwenda mahakamani kuomba usimamizi alikuwa shemeji yake, kaka mkubwa wa marehemu, yule yule ambaye jina lake liko kwenye hati ya kiwanja.

Mwanzoni mwa Juni shemeji akateuliwa kuwa msimamizi wa mirathi. Eda iliisha mwishoni mwa Julai. Kwa hiyo mama wa watoto watatu kati ya wanne alipovua nguo za eda, mambo ya mali yalikuwa yamekwisha kupita mlango mwingine.

Sitaki msomaji amchukie shemeji huyu kabla ya wakati. Nimezungumza naye mara tatu. Aliamini kwa dhati kwamba kuteuliwa msimamizi ni kukabidhiwa mji wa mdogo wake, awe baba wa wale watoto. Kodi ya vyumba akaanza kuipokea yeye. Aliwanunulia watoto sare mara moja, akatoa nauli za hapa na pale. Akauza msumeno wa meza na kompresa kwa shilingi 1,400,000 akisema ni za kulipa deni la mbao. Mwenye mbao alikuwa anadai 1,900,000. Nilipompigia simu, alisema amepokea 800,000.

Msimamizi wa mirathi si mrithi kwa sababu ya usimamizi wake. Ni mtumishi wa warithi aliyewekwa na mahakama. Kazi yake ina mwanzo na mwisho: akusanye mali, alipe madeni, agawe kwa wanaostahili, atoe hesabu, aondoke. Kanuni za usimamizi wa mirathi katika Mahakama za Mwanzo, za mwaka 1971, zinamtaka ndani ya miezi minne tangu kuteuliwa apeleke Fomu Namba 5, yaani orodha kamili ya mali na madeni, kisha Fomu Namba 6, yaani hesabu ya kilichoingia na kilichotoka, kwa vipindi atakavyopangiwa na mahakama. Miezi minne ya shemeji iliisha mwanzoni mwa Oktoba. Jaladani hapakuwa na fomu yoyote kati ya hizo mbili.

Kodi peke yake, kuanzia Aprili hadi Oktoba, ilikuwa shilingi 840,000. Alipoulizwa iko wapi alisema imetumika kwa watoto. Inawezekana sehemu yake ni kweli. Lakini fedha ya yatima isiyoandikwa hata aliyeitumia vizuri hawezi kujitetea nayo.

Hesabu ya mafungu 144

Marehemu alikuwa Mwislamu, aliishi Kiislamu, na mirathi yake ilifunguliwa Mahakama ya Mwanzo, ambayo ina mamlaka juu ya mirathi inayofuata sheria ya Kiislamu au ya kimila. Mafungu yamewekwa katika Sura ya An-Nisaa. Mjane mwenye watoto: moja ya nane. Mama wa marehemu, marehemu akiwa ameacha watoto: moja ya sita. Kinachobaki ni cha watoto, mvulana mafungu mawili kwa fungu moja la msichana. Mtoto wa mke aliyeachika ana haki sawa na ndugu zake. Talaka ya mama yake haimgusi.

Ili kila mtu apate namba kamili, tukagawa mali katika mafungu 144. Mjane 18. Bibi, yaani mama wa marehemu, 24. Wavulana 34 kila mmoja, wasichana 17 kila mmoja. Jumlisha ya watoto utapata 102 kati ya 144. Hapo ndipo nilipopata jibu la swali lake la siku ya kwanza.

Kabla ya kugawa, hulipwa gharama za mazishi na madeni. Na deni moja lilikuwa la mjane mwenyewe, wala hakulijua: mahari. Cheti cha ndoa kinaonyesha mahari ya shilingi 300,000, iliyotangulizwa ni 100,000. Zile 200,000 zilizobaki ni deni juu ya mali ya marehemu kama deni la mbao lilivyo. Wajane wengi wanaogopa kulitaja, wanaona ni kama kumdai maiti. Lakini ni haki yao, na hulipwa kabla mrithi yeyote hajagusa kitu.

Tukichukua fedha za benki peke yake: 6,340,000, toa mahari 200,000, toa baki ya deni la mbao 1,100,000, zinabaki 5,040,000. Kila fungu ni shilingi 35,000. Mjane 630,000. Bibi 840,000. Wavulana 1,190,000 kila mmoja. Wasichana 595,000 kila mmoja.

Mjane alipoona mama mkwe kapata zaidi yake alinyamaza kwa muda mrefu. Nilimweleza, na nalirudia hapa, kwamba bibi hakumnyang'anya mtu. Alichukua chake, akaezeka nyumba yake upya kijijini. Mwenye uchungu halisi katika hesabu hii ni yule aliyekaa na mume miaka 15, akapika, akafua, akauza vitumbua kununua saruji ya nyumba ile ile, halafu nyumba yote ikahesabiwa kuwa ya mume kwa kuwa hati ina jina moja. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inachukulia mali yenye jina la mwanandoa mmoja kuwa yake mpaka ithibitishwe vingine, na yenye majina ya wote wawili kuwa ya wote kwa usawa. Jina lake lingekuwa kwenye hati ya Chamazi, nusu ya nyumba isingeingia kabisa kwenye mirathi. Hakuna wosia uliohitajika hapo. Ilihitajika kalamu siku ya kununua.

(Kwa wasiofuata sheria ya Kiislamu hesabu ni nyingine. Mirathi ya Mkristo inayoendeshwa kwa Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865 humpa mjane theluthi, na watoto theluthi mbili. Sheria ya kimila iliyoandikwa katika Tangazo la Serikali Namba 436 la mwaka 1963 humwacha mjane bila fungu, atunzwe na watoto wake. Anayetaka lisimpate mkewe jambo hilo, na aandike leo.)

Kilichofanyika mahakamani

Msaidizi wa kisheria hasimami mahakamani kumtetea mtu. Nilichofanya ni kumsaidia mama kuandika barua ya malalamiko ya ukurasa mmoja na nusu. Hatukumtukana mtu. Tuliandika tarehe ya uteuzi, tarehe miezi minne ilipoisha, mali zilizouzwa, kodi iliyopokelewa, umri wa kila mtoto. Tukataja Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 10, kinachokataza mtu kumnyima mtoto kunufaika na mali ya mzazi wake. Jalada lilikuwa Temeke, kwenye kituo jumuishi cha masuala ya familia, ambako ngazi kadhaa za mahakama ziko pamoja kwa ajili ya mirathi, ndoa na watoto.

Shemeji aliitwa. Hakuwa na hesabu. Februari 2023 uteuzi wake ukatenguliwa, wakateuliwa wawili pamoja: mjane, na mjomba wa marehemu, mwalimu mstaafu anayeheshimiwa na pande zote. Sheria inaruhusu msimamizi zaidi ya mmoja, na kwa mirathi yenye watoto napenda sana wawe wawili, mmoja wa upande wa mama na mmoja wa upande wa baba. Fedha haitoki benki bila saini mbili, na maneno ya mitaani hupungua.

Nyumba haikuuzwa. Warithi wazima, yaani mjane na bibi, walikubaliana mbele ya hakimu kwamba ibaki kama ilivyo mpaka mtoto wa mwisho atimize miaka 18, kodi ya vyumba viwili iende kwenye chakula na shule za watoto, na kila mwezi iandikwe. Fedha za benki zilipitia akaunti ya mirathi ya mahakama. Mafungu ya watoto watatu yakaingizwa kwenye akaunti za watoto alizofungua mama yao. Kijana wa Tanga alitimiza miaka 18 mwaka huo huo. Alichukua fedha zake, na kwa ombi lake mwenyewe akahesabiwa randa ya umeme ya baba yake ndani ya fungu lake, kwa kuwa alikuwa anasomea useremala katika chuo cha ufundi cha VETA. Nilikuwepo siku anaifunga kwenye gunia na kamba ya katani kuipandisha basi la Tanga. Aliifunga taratibu, akaifungua, akaifunga tena.

Mtoto wa mwisho alikuwa na miaka 4 baba alipofariki. Atatimiza 18 mwaka 2036. Hiyo ni miaka 14 ambayo mtu mzima fulani atakuwa ameshika mali isiyo yake. Usimamizi wa mirathi haukutengenezwa kwa safari ndefu hivyo. Ulitengenezwa ugawe na kufunga jalada. Kinachoibeba safari hiyo ni mzazi aliyebaki, na mzazi huyo naye ni binadamu.

“Na mimi nikifa?”

Alirudi Juni 2024. Safari hii bahasha ilikuwa mpya. Ana banda la chakula karibu na Mbagala Rangi Tatu, ana hisa kwenye VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa, ana fungu lake la 18 kati ya 144. Swali lake lilikuwa moja, na kwangu mimi ndilo swali bora kuliko yote niliyowahi kuulizwa pale ofisini: “Na mimi nikifa, nani anajua kipi changu na kipi cha watoto?”

Hapo ndipo tulipoanzia wosia wake. Aya ya kwanza haisemi anampa nani nini. Inataja visivyo vyake. Akaunti tatu za watoto zenye jumla ya shilingi 2,380,000 za urithi wa baba yao: si zangu. Kodi ya vyumba vya Chamazi, popote itakapokutwa, hata kama iko kwenye laini yangu ya simu: si yangu. Mafungu 102 ya nyumba: si yangu. Angefariki bila kuyaandika hayo, fedha zote zilizo mikononi mwake zingehesabiwa urithi wake. Mama yake mzazi, ambaye yuko hai, angepata moja ya sita ya fedha za wajukuu wake bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya, na watoto wangerithi mara ya pili, kwa upungufu, kile walichokwisha kurithi mara ya kwanza. Nimeona jambo hilo likitokea kwa familia nyingine. Hakuna aliyeiba. Fedha zilikuwa chungu kimoja, basi.

Aya ya pili ni ya mlezi. Alitaka kumwandika mdogo wake wa kike, anayeishi Morogoro. Nilimuuliza kama amemwuliza. Hakuwa amemwuliza. Nilimwomba aende, na azungumze na shemeji yake wa huko pia, kwa kuwa atakayelala nyumba moja na watoto watatu wa ziada ni yeye. Alikwenda Ijumaa akarudi Jumapili. Mdogo mtu alikubali papo hapo. Mumewe aliomba usiku mmoja wa kufikiri, asubuhi akakubali kwa sharti kwamba ada za shule zisitegemee mshahara wake. Mimi nilimpenda mtu huyo kwa sharti lile. Aliyekubali baada ya kuhesabu ndiye utakayemkuta miaka kumi baadaye.

Kwa fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, malezi ya mtoto mdogo aliyefiwa na mama huelekea kwanza kwa bibi mzaa mama, na hapa bibi mwenyewe alisema miguu yake haimruhusu, akaweka dole gumba kwenye karatasi kuthibitisha. Kwa Sheria ya Mtoto, wazazi wote wawili wakifariki, wajibu wa malezi unaweza kwenda kwa ndugu wa upande wowote kwa amri ya mahakama au kwa utaratibu wa kimila, na kipimo cha kwanza ni maslahi ya mtoto. Kwa hiyo neno la mama kwenye wosia si amri isiyopingika. Ni ushahidi mzito wa alichotaka mtu aliyewajua watoto wale kuliko wote, na hakimu au afisa ustawi wa jamii atakuwa na pa kuanzia.

Aya ya tatu ni ya mshika fedha, na tulikubaliana asiwe yule yule mlezi. Anayewapikia watoto ana shida za kila siku. Ni rahisi mno kuazima kwenye fungu la mtoto na kusahau kurudisha. Wakiwa wawili, mmoja anaomba na mwingine anatoa kwa maandishi. Mama alimtaja yule mjomba mwalimu mstaafu. Mtu safi kabisa. Lakini ana miaka 68, na mwaka 2036 atakuwa na 80. Ukiteua mtu wa kushika mali ya mtoto, chukua umri wa mtoto wako wa mwisho, hesabu mpaka 18, kisha uongeze miaka hiyo kwenye umri wa unayemteua. Tukamwandika mwalimu wa kwanza, na wa akiba tukamwandika binamu wa mama, karani wa SACCOS, chama cha akiba na mikopo, mwenye miaka 34, ambaye naye aliulizwa kwanza.

Baba angeweza kumteua mtu wa namna hii kwa wepesi zaidi. Katika sheria ya Kiislamu usimamizi wa mali ya mtoto huanzia kwa baba, naye ana uwezo wa kumwachia wasii anayemwamini. Ukurasa mmoja wa fundi yule, wenye jina moja na mashahidi wawili, ungemzuia kaka yake asiingie katika kazi asiyoielewa, na ungeniondolea mimi jalada. Hata Mahakama ya Mwanzo, inapochagua msimamizi, hutakiwa kuangalia matakwa aliyoyaeleza marehemu. Hapakuwa na matakwa ya kuangalia.

Mgawo wenyewe ulichukua mistari minne. Hawezi kuongeza fungu la mrithi mmoja kwa wosia. Warithi wake ni mama yake na watoto watatu, na mafungu yanajulikana: bibi 4 kati ya 24, mvulana 10, wasichana 5 kila mmoja. Wosia wa Kiislamu una nafasi ya theluthi moja tu, tena kwa asiye mrithi. Akaitumia nafasi hiyo. Yule kijana wa Tanga si mwanawe, harithi kwake, lakini ni kaka wa wanawe. Akamwandikia shilingi 200,000 kutoka kwenye hisa zake za VICOBA. Sikumuuliza sababu, ila niliona ni kiasi kile kile cha mahari aliyolipwa.

Wosia tuliuandika kwa Kiswahili cha kawaida, kurasa mbili, kila ukurasa na saini yake, mbele ya mashahidi wawili wasiorithi chochote. Aliuandika akiwa mzima, akitembea kwa miguu yake. Hilo lina uzito wake. Mei 2021 Mahakama Kuu ilipobatilisha wosia wa mfanyabiashara Reginald Mengi, hali yake ya kiafya wakati wa kuandika ilikuwa miongoni mwa hoja, pamoja na kuwanyima watoto wake wakubwa bila kueleza sababu. Anayesubiri kitanda cha hospitali ndipo aandike anawaachia watoto wake kesi.

Nakala moja ameipeleka RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, ambao huandika na kuhifadhi wosia. Ya pili iko kwa mwalimu. Ya tatu iko nyumbani, na mvulana, ambaye sasa ana miaka 15, anajua ilipo. Mama alisita kumwambia, akiona ni kumtia hofu. Nilimkumbusha kwamba siku baba yake alipofariki ni mtoto huyu aliyekuwa anazunguka nyumba nzima akitafuta kadi ya bima chini ya magodoro.

Kuna kazi ndogo ndogo zilizochukua muda kuliko wosia wenyewe. Mtoto wa mwisho hakuwa na cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki tu, na jina la baba limeandikwa kwa herufi tofauti na za cheti cha kifo. Mtoto asiyeweza kuonyesha kwa karatasi kwamba ni mtoto wa marehemu anaanza urithi wake kwa kujieleza. Tulihangaika na hilo miezi mitatu. Fomu ya VICOBA, mahali pa mnufaika, ilikuwa bado na jina la marehemu mumewe. Hilo lilichukua dakika tano.

Kilichobaki ni Mkuranga. Ile simu ndogo ilikuwa na ujumbe wa malipo: shilingi 1,500,000 kutoka kwa marehemu kwenda kwa muuzaji, siku moja kabla ya hati kuandikwa. Shemeji alipoonyeshwa hakubisha. Alisema hakuwahi kukana, hakuna aliyemuuliza tu. Yuko tayari kwenda mbele ya mwenyekiti wa kijiji hati iandikwe upya, kiwanja kiingie kwenye mafungu 144 kama mali nyingine, kijana wa Tanga na bibi mzaa baba wapate chao humo. Muuzaji lazima awepo naye aweke saini, na ni mzee aliyepita miaka 70, ameanza kusahau majina. Nauli ya watu wanne imeshatengwa kwenye kodi, imeandikwa daftarini. Tunaondoka Jumamosi na basi la kwanza.